Seva Inapojibu "Nipo Nyumbani"

Seva niliyokuwa naitafuta ilikuwa 10.20.4.15. Iliyonikatalia ilikuwa 127.0.1.1. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu anwani hiyo ya pili sikuwa nimeiandika popote: si kwenye JConsole, si kwenye mipangilio ya Tomcat, wala haikuwamo katika daftari la mwenzangu aliyenikabidhi zamu. Anwani yoyote inayoanza na 127 ni ya kompyuta kujisemesha yenyewe. Laptopu yangu, basi, ilikuwa imetumwa ikabishe hodi kwake, ikakuta hakuna anayeitikia, ikarudi kuniambia kwamba imekataliwa.

Zilikuwa siku za mwanzo wa mwezi, vituo vinapotuma ripoti zao kwa pamoja, na mfumo ulikuwa unasuasua tangu asubuhi. Katika kikao kifupi cha saa tatu kulishatolewa pendekezo la kununua RAM. Dada mmoja wa kitengo cha takwimu akaja kusimama mlangoni.

"Kaka, seva imekufa?"

"Haijafa, dada. Inafanya kazi, ila mimi nashindwa kuichungulia ndani."

Jibu lile halikumsaidia, na alikuwa na haki ya kukereka. Lakini kwa fundi, tofauti kati ya seva iliyokufa na seva isiyochunguliika ni kubwa mno. Zana ya usimamizi inaposhindwa kuunganika, cha kwanza ni kuthibitisha kama seva yenyewe bado inawahudumia watu. Kama inawahudumia, usiiwashe upya. Nalisisitiza hili kwa sababu mkono hukimbilia huko wenyewe: kuizima na kuiwasha kunaondoa msongamano kwa saa moja au mbili, na wakati huohuo kunafuta kila dalili uliyotaka kuiona.

Seva za programu za Java, kama Tomcat, WildFly, GlassFish na WebLogic, zimebeba mifumo mingi ambayo watu wa kwetu wanaitumia bila kujua ipo juu ya nini. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na ulioanza kutumika nchi nzima Kenya mwaka 2011, unaendeshwa juu ya Tomcat. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotangulia kutumika Eldoret mwaka 2006, nao kwa kawaida huishi humo. Dirisha la kuchungulia ndani ya seva za namna hii linaitwa JMX. Kwa JMX unaona memori imejaa kiasi gani, usafishaji wake unachukua muda gani, threadi ngapi zinafanya kazi na ngapi zimekwama. JConsole, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, ni zana ya kutazamia kupitia dirisha hilo. VisualVM ni nyingine. Zipo nyingi zaidi, na zote hukwama kwa sababu zinazofanana.

Sababu hizo kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya milango iliyofungwa: fayawoli, nenosiri, porti. Mimi naona orodha hiyo inawapoteza watu. Kwa uzoefu wangu kinachokosea zaidi ni maelekezo ya njia, na anayeyatoa maelekezo hayo mabaya ni seva yenyewe.

Unapoiandikia JConsole 10.20.4.15:9010 unadhani umeomba muunganisho mmoja. Kumbe umeanzisha safari mbili. Ya kwanza inakwenda kwenye porti 9010, ambako kuna rejista ndogo ya RMI, itifaki ambayo JMX ya kawaida huitumia kusafiri mtandaoni. Rejista hiyo haina cha kukuonyesha. Kazi yake ni kukukabidhi kikaratasi kilichoandikwa kwamba unayemtaka yuko anwani fulani, porti fulani, mfuate huko. Safari ya pili ndiyo inayokufikisha. Na kikaratasi kile seva hukiandika kwa namna inavyojijua yenyewe, hata kama wewe umeifikia kwa jina jingine kabisa.

Ni kama kumpigia mtu simu ukamwuliza yuko wapi, naye akakujibu, "Nipo nyumbani." Hajasema uongo. Lakini ukilichukua neno lake kama lilivyo utageuza gari urudi kwako, kwa kuwa nyumbani unakokujua wewe ni kwako.

Tabia hii ina umri. RMI iliingia katika JDK 1.1 mwaka 1997, na ilibuniwa Sun Microsystems na watu waliojua vizuri hatari za mtandao. Mwaka 1994 Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, wote wa Sun, waliandika hoja ndefu kwamba kuita kitu kilicho kwenye mashine nyingine hakuwezi kufanywa kufanane na kuita kilicho jirani yako ndani ya programu moja. Wollrath ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya RMI. Mwaka huohuo wa 1994 lilitolewa andiko lililoieleza NAT, ule utaratibu wa mtandao mzima kujificha nyuma ya anwani moja. RMI ilijengwa kwa dhana kwamba mashine ina anwani moja na kila mtu anaijua kwa hiyo. NAT ikaifanya dhana hiyo isiwe kweli, na baadaye mashine pepe, wingu na kontena vikaizidishia. Leo seva moja ina jina moja kwake yenyewe, jingine kwa jirani zake, na jingine kwa aliye nje ya jengo.

Turudi kwenye 127.0.1.1. Java isipoelekezwa, huiuliza mashine jina lake, kisha hutafuta jina hilo lina anwani gani. Kwenye Debian na Ubuntu faili la /etc/hosts huwa na mstari unaolifunga jina la mashine na 127.0.1.1, ili hata mashine isiyo na mtandao iweze kujitambua. Kwa shughuli nyingine nyingi mstari huo hauna madhara. Kwa RMI unageuka kuwa kikaratasi cha kumrudisha mgeni kwake. Ingia kwenye seva, andika hostname -i, na kama jibu linaanza na 127 umeshapata nusu ya jibu lako kabla hujagusa mpangilio wowote.

Tiba yake inajulikana: kuipa Java chaguo la java.rmi.server.hostname likiwa na anwani ambayo mwenye zana anaweza kuifikia. Wengi hulielewa vibaya. Wanadhani linaiamuru seva isikilize kwenye anwani hiyo. Halifanyi hivyo. Linabadilisha maandishi ya kikaratasi tu. Nimewahi kumwona kijana makini akilibadilisha mara nne huku akitazama orodha ya porti zilizo wazi na kushangaa kwa nini haibadiliki. Haikupaswa kubadilika.

Kikaratasi kina sehemu ya pili, nayo ni porti. Ukiweka com.sun.management.jmxremote.port peke yake umeifunga namba ya rejista. Porti ya safari ya pili huchaguliwa kibahatinasibu kila seva inapowaka. Hapa ndipo inapozaliwa hadithi ambayo kila ofisi inayo: zana inaunganika ukiwa chumba kimoja na seva, inakataa ukiwa tawi jingine, mtu wa mtandao anafungua 43127 aliyoiona leo, mambo yanakaa sawa wiki mbili, Tomcat inawashwa upya, na lawama zinaanza upya kati ya watu wa mifumo na watu wa mtandao. Wote wawili wanasema kweli. Tangu Java 7u4 ya mwaka 2012 kuna chaguo la com.sun.management.jmxremote.rmi.port linaloifunga namba hiyo ya pili, na zote mbili zinaweza kuwa namba moja. Kabla ya hapo Tomcat ilikuwa na msikilizaji wake, JmxRemoteLifecycleListener, wa kufanya kazi hiyohiyo. Maandiko mengi ya zamani bado yanamtaja, lakini kwenye Tomcat 10 ameondolewa, kwa hiyo ukinakili server.xml ya miaka iliyopita utamtafuta usimwone.

Utajuaje umekwama safari ipi? Kwa kusikiliza namna unavyokataliwa. "Connection refused" ni jibu. Linakuja upesi, na kwa kawaida linasema: umefika kwenye mashine, lakini kwenye porti hiyo hakuna anayesikiliza. "Connection timed out" ni ukimya. Ulibisha hodi, ukangoja, hakuna aliyesema ndiyo wala hapana, na mara nyingi hiyo ni fayawoli inayozitupa pakiti zako kimyakimya, au njia isiyofika kabisa. Mtu anayeyachanganya haya mawili atashinda siku nzima akihojiana na asiyehusika. Kuna na la tatu, RMI inapolalamika kwamba upande wa pili hauzungumzi itifaki yake. Mara nyingi maana yake upande mmoja unataka SSL na mwingine hautaki, au umegonga porti ya huduma nyingine.

JConsole yenyewe haisaidii sana hapa. Inakuonyesha kisanduku kifupi kinachokuuliza kama unataka kujaribu tena. Ukitaka kujua kilichotokea, iwashe ikiwa na faili la mipangilio ya logi linalofungua kumbukumbu za javax.management.remote na za RMI. Ndimo utakapoona anwani na porti halisi iliyopewa. Upande wa seva, ss -ltnp inakuambia nani anasikiliza wapi. Usishtuke ukiona porti za Java zimeorodheshwa chini ya IPv6 peke yake: kwa kawaida soketi hiyo moja hupokea na wanaokuja kwa IPv4. Nimeshuhudia saa nzima ikipotea kwa jambo hilo. Kisha kutoka kwenye mashine yako, jaribu kila porti peke yake kwa nc -vz. Ya kwanza ikipita na ya pili ikigoma, umeshajua uanzie wapi, na huhitaji kumsumbua mtu yeyote kuhusu nenosiri.

Kosa moja la Tomcat nalipa nafasi yake kwa sababu linajificha vizuri. Machaguo ya JMX yanapowekwa kwenye JAVA_OPTS, seva inawaka na zana inaunganika. Tatizo linajitokeza siku ya kuizima. Hati ya kuzima Tomcat nayo inaanzisha Java ndogo ya kupeleka ujumbe wa "zima", na Java hiyo inasoma JAVA_OPTS zilezile, inajaribu kuifungua porti 9010 ambayo tayari inashikiliwa na Tomcat yenyewe, inashindwa, na ujumbe haufiki. Fundi anaona Tomcat haitaki kuzimika na anaiua kwa nguvu, kila mara, kwa miezi. Mahali pa machaguo hayo ni CATALINA_OPTS, ndani ya setenv.sh, ambazo hazitumiki wakati wa kuzima.

Kuunganika na mchakato ulio kwenye mashine ileile ni habari nyingine. Hapo zana haipiti kwenye RMI ya mtandaoni kwanza. Inatafuta alama ambazo Java huziacha kwenye /tmp. Ndiyo maana kwa kawaida inabidi uwe mtumiaji yuleyule anayeiendesha seva, na ndiyo maana huduma iliyowekewa PrivateTmp na systemd haionekani kwenye orodha hata ukiwa umekaa mbele yake. Ina /tmp yake ya peke yake.

WildFly ilijitoa katika mkanganyiko wa kikaratasi. Tangu toleo la 8 la mwaka 2014 shughuli zote za usimamizi zinapita kwenye porti moja, 9990, zikianza kama HTTP kisha kubadilika. Safari ni moja, porti ni moja, na fayawoli inakuwa rahisi. Lakini ina mitego yake. Kiolesura cha usimamizi kwa chaguo-msingi kinasikiliza 127.0.0.1 pekee, kwa hiyo aliye nje anakataliwa hadi anwani hiyo ibadilishwe kwa makusudi. JConsole ya kawaida haiijui itifaki ya remote+http na itakuambia haitambuliki, kwa hiyo tumia jconsole.sh iliyo ndani ya folda ya bin ya WildFly yenyewe, ambayo inabeba maktaba zinazohitajika. Na mtumiaji lazima aongezwe kama wa usimamizi. Aliyeongezwa kama mtumiaji wa programu atakataliwa hata nenosiri lake likiwa sahihi herufi kwa herufi.

Kwenye kontena kanuni ni fupi: porti ya ndani na ya nje ziwe namba moja. Kikaratasi kinaandikwa na aliye ndani, naye hajui kwamba huku nje umemwita 19010.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Zana inapokataa kuunganika na wakubwa wako nyuma ya kiti chako, kuna mistari miwili ambayo utaipata kila mahali: authenticate iwe false, ssl iwe false. Kwa chaguo-msingi Java inaviweka vyote viwili kuwa true, na si bure. Wengi huvizima ili "kujaribu tu", JConsole inaunganika, watu wanashukuru, na mistari ile inabaki hapo miaka. Porti ya JMX isiyo na nenosiri haimpi mgeni nafasi ya kutazama peke yake. Kupitia kipengele cha MLet, kilichokuwa sehemu ya JMX tangu zamani hadi kilipoondolewa mwaka 2024, kwenye Java za kabla ya hapo anaweza kuiamuru seva ipakie programu kutoka kwenye mashine yake na kuiendesha. Seva inakuwa yake.

Hili limeshatokea mbele ya macho ya dunia. Konsoli ya JMX ya seva za zamani za JBoss ilikuwa na kinga iliyowekwa kwa maombi ya GET na POST tu, na mtu aliyetumia HEAD aliingia bila kuulizwa. Tatizo hilo lilipewa namba CVE-2010-0738, na ingawa kiraka kilitoka mwaka huo, mwaka 2011 kirusi kilikuwa bado kinazunguka kikivamia seva zilizokuwa hazijatengenezwa. Mwaka 2016 Java yenyewe ilirekebishwa kwa CVE-2016-3427, iliyohusu namna JMX inavyopokea data za anayejitambulisha, na Tomcat ikafuata kwa CVE-2016-8735 katika yule msikilizaji wake niliyemtaja. Ninapofikiria kwamba nyuma ya porti ya namna hii kunaweza kuwa na rekodi za dawa za mgonjwa fulani, naona dakika kumi za kuandika faili la nenosiri si nyingi.

Faili hilo nalo lina masharti yake. Lisomwe na mwenye mchakato tu. Likiachwa wazi kwa wengine, Java inakataa kuwaka kabisa, na fundi anadhani Tomcat imeharibika. Likiwa mali ya root na limefungwa vizuri, huku Tomcat inaendeshwa na mtumiaji mwingine, Tomcat haiwezi kulisoma na matokeo yanakuwa yaleyale. Mwenye faili awe mtumiaji wa Tomcat, ruhusa ziwe 600. JConsole huanza kwa kujaribu njia salama, na ikishindwa inakuuliza kama ijaribu bila usalama. Kubali swali hilo pale tu unapojua njia uliyopita imelindwa kwa namna nyingine.

Namna hiyo nyingine, kwangu, ni handaki la SSH. Wapo wanaochagua Jolokia, inayoigeuza JMX kuwa maombi ya kawaida ya HTTP, na kwa ufuatiliaji wa kila siku nawaunga mkono. Hakuna kikaratasi, hakuna safari ya pili. Lakini siku ile Jolokia haikuwapo, na kuiwasha upya seva ili kurekebisha hostname kungefuta kile nilichotaka kukiona.

Nilirudi kwenye ule ujumbe. Seva ilikuwa inasema: nifuate 127.0.1.1. Logi za RMI za upande wangu zikanipa na namba ya porti ya pili, 43127. Laptopu yangu ni ya Linux, na kwenye Linux anwani zote zinazoanza na 127 ni za nyumbani. Basi badala ya kuirekebisha anwani, nikaifanya iwe ya kweli. Nilifungua handaki lenye midomo miwili: 9010 ya kwangu iende 9010 ya seva, na 43127 iliyofunguliwa kwenye 127.0.1.1 ya laptopu yangu iende 43127 ya seva. Hakuna porti iliyofunguliwa kwenye fayawoli, na nenosiri la JMX liliendelea kuulizwa kama kawaida. JConsole ikaenda kwenye rejista, ikapewa kikaratasi kilekile, ikafuata 127.0.1.1, na safari hii kulikuwa na mtu nyumbani.

Mstari wa memori ulikuwa umelala chini ya nusu, ukipanda kidogo na kushuka kila usafishaji ulipopita. Nilihamia kwenye threadi. Karibu zote zilikuwa zimesimama kwenye mstari mmoja wa programu, zikisubiri muunganisho wa hifadhidata uachiliwe. Nikampigia simu mwenzangu wa hifadhidata aje aone, na wakati namngoja nikamwandikia mkuu wa kitengo kwamba ile oda ya RAM isubiri kwanza.